Fidia Imelipwa: Je, Askari Ameulizwa?

Kosa la askari wa polisi nchini Kenya linaweza kufuatwa kwa njia tatu. Ya kwanza ni kesi ya jinai, ambapo Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma humfikisha askari mwenyewe kizimbani. Ya pili ni kesi ya madai au kesi ya kikatiba, ambapo aliyeumizwa huishtaki Serikali kupitia Mwanasheria Mkuu na kudai fidia. Ya tatu ni nidhamu ya kazini, iliyo mikononi mwa Inspekta Jenerali na Tume ya Huduma ya Taifa ya Polisi. Kila njia ina wenyewe na faili zake, na inayofanyika katika moja si lazima ijulikane katika nyingine. Mahakama Kuu inaweza kutamka kwamba polisi walimtesa raia, Hazina ya Taifa ikaamriwa kulipa mamilioni ya shilingi, na askari aliyehusika akaendelea na zamu yake bila kuandikiwa hata barua ya kutakiwa ajieleze.

Hoja inayojadiliwa ni kwamba kila hukumu ya madai inayothibitisha kuwa polisi walivunja haki ya mtu ifungue uchunguzi wa nidhamu juu ya waliohusika, na matokeo yake yatangazwe. Wanaojadili ni watatu: Wakili anayewasimamia waathiriwa, Afisa mstaafu aliyewahi kuongoza kituo, na Mkaguzi wa hesabu za umma.

Uzito wa hukumu ya madai

Wakili: Katiba ya mwaka 2010 haikuiacha fidia kuwa hisani ya Serikali. Ibara ya 23 inaipa mahakama mamlaka ya kuamuru fidia pale haki inapovunjwa. Ibara ya 25 inaweka uhuru wa kutoteswa miongoni mwa haki zisizoweza kupunguzwa kwa sababu yoyote. Ibara ya 244 nayo inaitaka Huduma ya Polisi izingatie weledi, nidhamu na haki za binadamu. Jaji anapofikia uamuzi baada ya kusikiliza mashahidi na kusoma ripoti za daktari, neno lake lina uzito kuliko barua ya malalamiko. Ikiwa barua ya mwananchi mmoja inaweza kufungua faili la nidhamu, hukumu ya Mahakama Kuu haiwezi kuwa na nguvu ndogo kuliko barua hiyo.

Afisa: Wakili ana haki ya kuiheshimu hukumu, lakini aangalie nani aliyeshtakiwa. Katika kesi nyingi za aina hii mdaiwa ni Mwanasheria Mkuu. Askari anayetajwa huenda hakuwa mhusika wa kesi, wala hakuitwa kutoa ushahidi. Serikali inaweza kushindwa kwa sababu mawakili wake walichelewa kuwasilisha utetezi au hawakuleta shahidi hata mmoja. Ibara ya 236 ya Katiba hiyo hiyo inakataza mtumishi wa umma kufutwa kazi au kushushwa cheo bila utaratibu wa sheria, na Ibara ya 47 inampa kila mtu haki ya uamuzi wa kiutawala ulio wa haki. Mtu hafungwi na hukumu ya kesi ambayo hakupata kusikilizwa.

Wakili: Pingamizi hilo linakubalika, na hoja haiombi adhabu itokane na hukumu moja kwa moja. Inaomba swali liulizwe. Tofauti ya vipimo vya ushahidi inasaidia kuliona jambo hili. Katika jinai, kosa lazima lithibitishwe pasipo shaka ya maana. Katika madai inatosha kuonyesha kwamba jambo lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli. Nidhamu ya kazini nayo haidai kipimo kizito cha jinai. Kwa hiyo askari kutoshtakiwa kwa jinai, au hata kuachiliwa huru na mahakama ya jinai, hakufungi mlango wa nidhamu.

Hapo pande mbili zinakutana: hukumu ya madai ni sababu ya kuchunguza, na askari asikilizwe upya kabla ya uamuzi wowote kumhusu.

Anayelipa

Mkaguzi: Sheria ya Kesi za Serikali, Sura ya 40, inaibebesha Serikali dhima ya mwajiri kwa kosa ambalo mwajiriwa wake amelitenda kazini. Sheria hiyo pia inakataza mali ya Serikali kukamatwa ili kulipia deni la hukumu, na inasema kwamba hakuna mtu atakayewajibika binafsi kwa malipo ambayo Serikali imeamriwa kutoa. Aliyeshinda kesi hupewa cheti cha amri, akakipeleka kwa afisa mhasibu wa wizara, kisha akangoja. Asipolipwa, hurudi mahakamani kuomba amri ya kumlazimisha afisa huyo atimize wajibu wake. Katika mlolongo huo wote, kituo cha polisi ambako kosa lilitendeka hakitajwi tena.

Mfano mkubwa ni kesi za Nyayo House, jengo la Nairobi ambalo vyumba vyake vya chini vilitumika kuwatesea wapinzani wa utawala wa Rais Daniel arap Moi katika miaka ya 1980. Mwaka 2010 Mahakama Kuu iliamuru watu 21 waliopitia mateso hayo walipwe fidia ya jumla ya takriban shilingi milioni 40. Mwaka 2017 mahakama hiyo ilimpa mwanasiasa Kenneth Matiba, aliyewekwa kizuizini mwaka 1990, zaidi ya shilingi milioni 500. Fedha za namna hiyo hutoka kwa mlipa kodi, ambaye mara nyingi hakuwa amezaliwa wakati kosa likitendeka.

Hali hii haipo Kenya peke yake. Joanna Schwartz, profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alichunguza malipo ya kesi za madai katika idara 44 kubwa za polisi nchini Marekani kwa miaka ya 2006 hadi 2011. Utafiti wake uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba maafisa wenyewe walilipa takriban asilimia 0.02 tu ya fedha zote walizopewa waathiriwa. Zilizobaki zililipwa na miji na serikali zilizowaajiri.

Afisa: Serikali kulipa kuna sababu njema. Mshahara wa konstebo hauwezi kumtibu mtu aliyevunjwa uti wa mgongo. Mwathiriwa akiachwa amfuate konstebo peke yake, atashinda kesi na kurudi nyumbani mikono mitupu. Tena, kazi ya polisi hudai uamuzi wa haraka. Askari anayejua kwamba kosa la nukta moja litamfilisi atajiweka kando hata pale wananchi wanapohitaji ulinzi wake.

Wakili: Afande ameeleza vizuri kwa nini Serikali ilipe. Hajaeleza kwa nini, ikishalipa, ikae kimya. Fidia ni haki ya aliyeumizwa, na nidhamu ni wajibu wa mwajiri kwa mwajiriwa wake na kwa umma wote. Ngao inayomlinda askari asifilisike haikuundwa ili imlinde asiulizwe. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na Huduma inayowachelea askari wake ndiyo inayoishia kulia mahakamani kila mwaka.

Askari asiyetajwa jina

Afisa: Ugumu wa kweli uko kwenye jina. Nidhamu humwangukia mtu, wala haiwezi kukiangukia kikosi kizima. Hukumu nyingi husema "maafisa wa polisi" na kuishia hapo. Katika maandamano kunaweza kuwa na askari wa vituo vitatu na wa kikosi cha kutuliza ghasia, wote wamevaa kofia za chuma. Mwathiriwa anakumbuka rungu, sura ya aliyelishika haijui. Uchunguzi wa nidhamu utaanzia kwa nani?

Wakili: Utaanzia kwenye karatasi za polisi wenyewe. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 linamtaka askari aliyevaa sare awe na jina au namba yake mahali panapoonekana. Silaha hutolewa kwa kutiwa sahihi katika rejista. Zamu hupangwa kwa maandishi, gari huwa na kumbukumbu za safari, na matukio huandikwa katika kitabu cha matukio, yaani OB. Kumbukumbu hizo zikiwepo, idadi ya wanaoweza kuwa wametenda kosa hupungua kutoka kikosi kizima hadi watu wachache. Zikikosekana, kukosekana kwake ni kosa la nidhamu la yule aliyepaswa kuzitunza.

Kwamba mtu binafsi anaweza kupatikana kumeshathibitishwa. Mwaka 2014 msichana wa miaka 14 aliuawa kwa risasi za polisi nyumbani kwao Kinango, Kwale. Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, IPOA, ilichunguza, na Februari 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwapata askari wawili na hatia ya kuua bila kukusudia, ikawafunga miaka saba. Kesi hiyo ilikuwa ya jinai, yenye kipimo kigumu zaidi cha ushahidi. Kinachowezekana chini ya kipimo hicho hakiwezi kusemwa kuwa muhali chini ya kipimo chepesi zaidi.

Afisa: Basi na iwekwe tahadhari hii: jina la mtendaji likikosekana, mkuu wa kituo asigeuzwe kafara. Kuna wakuu waliopokea askari wa vikosi vingine bila hata orodha ya majina. Mkuu na aulizwe kwa kazi yake: Je, alitia sahihi amri ya kuwatuma? Je, alipata taarifa ya kosa? Je, alichukua hatua gani alipoipata?

Wakili: Maswali hayo matatu ndiyo yanayotakiwa, na mahakama zimeyakaribia. Tarehe 10 Desemba 2020 Mahakama Kuu ilitoa uamuzi kuhusu ukatili wa kingono uliotendwa wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Waathiriwa wanne walipewa shilingi milioni nne kila mmoja, na Serikali ikapatikana kuwa ilishindwa kuchunguza makosa hayo na kuwashtaki watendaji. Kushindwa kuchunguza ni kosa la ofisi. Askari aliyekataa kuandika malalamiko ya mama aliyebakwa hakushika rungu, lakini ana swali la kujibu mbele ya mwajiri wake.

Amri kutoka juu

Sheria ya 2011 inasema wazi kwamba kufuata amri ya mkubwa si kinga kwa askari aliyetumia nguvu kinyume cha sheria. Sauti zote tatu zinaikubali kanuni hiyo, ila kila moja inahofia jambo lake.

Afisa: Konstebo aliyetoka chuoni mwaka jana yuko kati ya mawe mawili. Akikataa amri, anakabiliwa na shitaka la utovu wa nidhamu kesho asubuhi. Akiitii, anakabiliwa na mahakama baada ya miaka mitano. Uchunguzi unaoanzia kwake na kuishia kwake utawafundisha wakubwa kwamba amri za mdomo ni salama kwao.

Mkaguzi: Hata kwa hesabu za fedha, kumwadhibu konstebo peke yake hakupunguzi deni. Mpango mbaya wa operesheni ukibaki, atatumwa konstebo mwingine, atatenda yale yale, na Hazina italipa tena. Gharama hupungua pale uamuzi uliosababisha madhara unapobadilishwa, na mwenye uamuzi huo ni kamanda.

Wakili: Mahakama zimeonyesha kwamba cheo si ukuta. Septemba 2024 Mahakama Kuu ilimhukumu kaimu Inspekta Jenerali Gilbert Masengeli kifungo cha miezi sita kwa kudharau amri za kufika mahakamani kuhusu watu waliotoweka. Alipofika na kuomba radhi, adhabu iliondolewa. Shauri hilo halikuwa la fidia, lakini lilithibitisha kwamba mwenye ofisi ya juu kabisa anaweza kuitwa ajibu yeye mwenyewe. Uchunguzi wa nidhamu unaofuata hukumu ya madai na upande ngazi hizo hizo.

Muda unaopita

Anayeidai Serikali kwa kosa la madai la kawaida ana miezi 12 ya kufungua kesi. Kesi ya kikatiba haifungwi na kikomo hicho, ndiyo maana waathiriwa wa Nyayo House waliweza kufika mahakamani baada ya miaka mingi. Ila kati ya kosa na hukumu muda huwa mrefu. Waathiriwa wa ghasia za 2007 na 2008 walingoja hadi 2020. Kufikia hapo askari amehamishwa mara kadhaa, amestaafu au amekufa, na kitabu cha OB hakijulikani kilipo.

Wakili: Nidhamu ikingoja hukumu, itamkuta mstaafu. Samaki hukunjwa angali mbichi. Faili na lifunguliwe siku hati za kesi zinapomfikia Mwanasheria Mkuu.

Afisa: Hilo litawaumiza wasio na kosa. Kesi hufunguliwa na yeyote mwenye ada ya mahakama. Mhalifu aliyekamatwa kihalali anaweza kumshtaki aliyemkamata ili kumvuruga, na faili lililo wazi kwa miaka sita litamzuia askari mwema kupandishwa cheo.

Mkaguzi: Kuna njia ya katikati, nayo ni kugawa kazi katika hatua mbili. Kesi inapofunguliwa, ushahidi uhifadhiwe: nakala za OB, rejista ya silaha, ratiba ya zamu na maelezo ya walioshuhudia. Askari ajulishwe, bila alama yoyote kuingia katika kumbukumbu zake za kazi. Hukumu inapotolewa, au Serikali inapokubali kulipa nje ya mahakama, ndipo uchunguzi wenyewe uanze na uwe na tarehe ya mwisho. Malipo ya makubaliano yasiachwe nje, kwa kuwa Serikali inaweza kuchagua makubaliano ili ukweli usisomwe mahakamani.

Pande zote zinaukubali mgawanyo huo. Kwa aliyekwisha kustaafu, mkono wa nidhamu haufiki tena, lakini wa jinai unafika. Sheria ya Kuzuia Mateso ya mwaka 2017 inaweka kifungo cha hadi miaka 25 kwa mtesaji.

Kulipa kutoka mfukoni

Hapa ndipo tofauti inapokuwa kali. Uganda imekwenda mbali kuliko Kenya. Sheria yake ya mwaka 2019 ya utekelezaji wa haki za binadamu inasema kwamba mtumishi wa umma aliyevunja haki ya mtu atawajibika binafsi hata kama Serikali nayo inawajibika, na kwamba atalipa sehemu ya fidia itakayopangwa na mahakama. Nchini Marekani, jimbo la Colorado lilipitisha sheria mwaka 2020 inayomtaka askari ambaye mwajiri wake ameona hakutenda kwa nia njema alipe asilimia 5 ya fidia au dola 25,000, kutegemea kiasi kipi ni kidogo.

Mkaguzi: Kiasi kidogo kinatosha. Mtu anayejua kwamba sehemu ya deni itamgusa atafikiri kabla ya kuinua rungu. Hazina nayo itapata sababu ya kuuliza nani alitenda nini, kwa sababu haiwezi kumkata mtu asiyejulikana.

Afisa: Mkaguzi anaiangalia hati ya mshahara, haangalii barabara. Askari aliyekatwa mshahara kwa amri ya mahakama huenda akaudai kwa makanga na waendeshaji bodaboda kesho yake. Adhabu ya fedha kwa mtu mwenye bunduki na kizuizi cha barabarani inaweza kuhamishiwa kwa maskini. Kumshusha cheo au kumfuta kazi hakumwachii njia hiyo.

Wakili: Hofu ya Afande haiwezi kupuuzwa, na mwathiriwa naye ana hofu yake, kwamba fidia itagawanywa na sehemu ya askari isilipwe kamwe. Mchango wa askari unaweza kukubalika kwa masharti matatu. Awe alihusishwa katika kesi na kusikilizwa, mahakama iwe imeona kwamba alikusudia kuumiza, na Serikali imlipe mwathiriwa fidia yote kwanza, kisha ndiyo imdai askari wake.

Kwa masharti hayo Mkaguzi anakubali, na Afisa bado anapinga. Anashikilia kwamba karipio, kusimamishwa kazi, kuzuiwa nyongeza ya mshahara, kushushwa cheo na kufutwa kazi vinatosha vikitumiwa ipasavyo.

Utaratibu unaotokana na mjadala

Palipo na makubaliano panatosha kujengea utaratibu. Kwanza, Mwanasheria Mkuu apeleke nakala ya kila hukumu au makubaliano ya malipo yanayohusu polisi kwa Tume ya Huduma ya Taifa ya Polisi na kwa IPOA, ndani ya siku zilizowekwa. Pili, uchunguzi usifanywe na kituo kilichoshtakiwa. Uwe mikononi mwa Kitengo cha Masuala ya Ndani cha polisi, na IPOA iusimamie, kwa kuwa sheria inaipa mamlaka hiyo uwezo wa kwenda mahakamani mapendekezo yake yasipotekelezwa. Tatu, uchunguzi ujibu maswali kwa ngazi: aliyetenda, aliyeamuru, aliyejua na kunyamaza, na aliyepaswa kutunza kumbukumbu. Nne, askari apewe nakala ya hukumu, muda wa kujibu na haki ya kukata rufaa. Tano, mwathiriwa aandikiwe barua kuelezwa uamuzi na sababu zake, hata pale ilipoonekana kwamba hakuna askari wa kuadhibiwa.

Hatua ya sita inahusu kujifunza. Katika utafiti mwingine, wa mwaka 2012, Schwartz alionyesha kwamba idara nyingi za polisi za Marekani hazikukusanya taarifa za kesi zilizofunguliwa dhidi yao, na kwamba zile chache zilizozikusanya ziliweza kuona makosa yanayojirudia. Kenya ina chombo cha kubebea taarifa kama hizo, maana IPOA hutoa ripoti ya utendakazi kila baada ya miezi sita. Ripoti hiyo ikiongezewa jedwali la hukumu zilizotolewa, kiasi kilicholipwa, kituo kilichohusika na hatua ya nidhamu iliyofuata, Bunge litajua kama fedha zinalipwa kila mwaka kwa kosa lile lile la mahali pale pale.

Sehemu ya utaratibu huu haihitaji sheria mpya. Inspekta Jenerali anaweza kuamuru ushahidi uhifadhiwe kesi inapofunguliwa, na Mwanasheria Mkuu anaweza kuanza kupeleka nakala za hukumu wakati wowote. Kinachohitaji Bunge ni muda wa lazima wa kumaliza uchunguzi, wajibu wa kuyatangaza matokeo, na suala la mchango wa askari katika fidia, ambalo bado linagawa pande. Tofauti hiyo moja haizuii mengine kuanza. Afisa anayepinga makato ya mshahara na Wakili anayeyakubali kwa masharti wanataka kitu kimoja kwanza: hukumu ikishasomwa, mwajiri wa askari aisome pia, aulize, na atoe jibu.